REJETA YA BEI RAHISI: IKIPASUKA, NANI ATALIPA?



Naomba nafasi katika ukurasa huu niseme juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo. Jambo lenyewe ni rejeta ya pikapu. Najua mtu atauliza: Je, chama kimekosa maneno ya kusema juu ya mishahara na likizo hata kianze kusema juu ya vyuma? Jibu langu ni kwamba habari hii ni habari ya mishahara. Mwaka jana nilikuwa karibu kupoteza mshahara wa miezi mingi kwa sababu ya rejeta ambayo sikuinunua mimi, sikuichagua mimi, wala sikuulizwa neno wakati ilipochaguliwa. Tena wako wanachama wetu ambao sasa wana pikapu zao wenyewe, walizozipata kwa mkopo wa ushirika. Hao nao wanaumia kwa kitu hicho hicho, na wao hawana tajiri wa kumnung'unikia.

Kwanza nitasimulia yaliyonipata. Halafu nitasema jinsi ya kuchagua rejeta kwa mtu mwenye pesa kidogo. Mwisho nitasema neno moja kwa chama.

YALIYONIPATA

Naendesha pikapu ya dizeli ya tajiri mmoja. Jina lake halina haja hapa, kwa maana matajiri wa namna yake ni wengi. Kazi yangu ni kuleta viazi Nairobi kutoka upande wa Narok. Kila mwenye kuijua njia hiyo anajua kwamba ukifika Mai Mahiu unaanza kupanda ukuta wa Bonde la Ufa, gia ya pili, pengine ya kwanza, nyuma ya malori yaendayo polepole, mpaka ufike juu. Hapo upepo wa mbele ni kidogo na injini inafanya kazi yote. Hapo ndipo rejeta hupimwa kama ni rejeta au ni pambo.

Rejeta yetu ya zamani ilipasuka tangi la juu, lile la plastiki. Ilikuwa imetumika miaka mingi, haikuwa na makosa. Tajiri alimtuma mtu wake wa ofisini akanunue nyingine. Yule mtu alirudi na rejeta mpya inayong'aa, akasifiwa sana kwa kuwa amepata bei ya nusu. Makanika aliifunga, matundu ya bolti yakakubali, mipira ya maji ikaingia, gari likawaka. Kila mtu alifurahi.

Kwa wiki chache za mvua na baridi hakukuwa na shida. Jua lilipoanza kuwa kali, mshale wa moto ukaanza kupanda kila nikipanda Mai Mahiu na mzigo. Nilisema ofisini mara mbili. Niliambiwa, "Wewe endesha tu, rejeta ni mpya." Mara ya tatu mshale ulipanda ghafula mahali ambapo hakuna nafasi ya kusimama. Kabla sijapata mahali pa kuegesha, injini ilikuwa imekwisha chemka, na kichwa cha injini kimepinda. Kichwa cha injini nyingi za siku hizi ni cha alumini, na alumini ikipita kiasi cha moto hupinda upesi.

Tajiri alileta karatasi. Karatasi ilisema kwamba mimi nimeharibu injini kwa uzembe, na kwamba nakubali kukatwa mshahara kila mwezi mpaka gharama yote iishe. Sikutia sahihi. Nilikwenda kwa mjumbe wetu.

Mjumbe hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu: "Ile rejeta ya zamani iko wapi?" Kwa bahati njema, taniboi wangu alikuwa ameiweka nyuma ya gereji, akingoja siku ya kuiuza kwa mnunuzi wa vyuma. Tukaiosha, tukaibeba mpaka ofisini, tukaiweka juu ya meza pamoja na ile mpya. Mjumbe akatoa rula. Unene wa sehemu ya mirija ya ile ya zamani ulikuwa milimita 26. Unene wa ile mpya ulikuwa milimita 16. Urefu ni ule ule, upana ni ule ule, lakini unene umepungua milimita kumi nzima. Tajiri mwenyewe alishika rula akapima tena. Halafu akaichukua ile karatasi akaikunja. Sikukatwa hata senti.

Ndugu zangu, nilisaidiwa na vitu vitatu: mjumbe wa chama, rula, na taniboi mwenye akili ya kuweka kitu cha zamani. Lakini si kila dereva atakuwa na bahati hiyo. Kwa hiyo sikilizeni haya.

KWANZA HAKIKISHA KWAMBA MGONJWA NI REJETA

Watu wengi hununua rejeta wakati rejeta haina kosa. Kabla ya kutoa pesa, tazama mambo haya, kwa maana mengine yake yanatengenezwa kwa bei ya chakula cha mchana.

(a) Kifuniko cha rejeta. Kifuniko kina springi na mpira. Kazi yake ni kuzuia maji yawe na nguvu ndani, ili yasichemke upesi. Vifuniko vya magari ya Japani huandikwa namba kama 0.9 au 1.1, na hiyo ndiyo nguvu yake. Sisi tunaokaa milimani tunakihitaji zaidi kuliko watu wa pwani. Mombasa maji ya sufuria huchemka kwa digrii 100. Nairobi huchemka kwa digrii karibu 94, na Timboroa karibu 91, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi. Kifuniko kizima cha 0.9 huyapandisha maji ya Nairobi mpaka karibu digrii 115 kabla ya kuchemka. Kifuniko kilichochoka, au kile cha kuokota ambacho dereva amekifunga na kitambaa, humrudisha chini kwenye 94. Basi utanunua rejeta bure, na gari litachemka vile vile.

(b) Uchafu wa nje. Matope, nyasi na wadudu huziba nafasi za hewa kati ya vibati vya rejeta. Osha kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, kutoka upande wa injini kuelekea mbele. Ukitumia maji ya nguvu sana utavilaza vile vibati na kuziba kabisa.

(c) Mkanda wa feni, klachi ya feni, na lile kava la plastiki linalozunguka feni. Makanika wengi hulitoa kava wakati wa kazi, wakalisahau sakafuni. Bila kava, feni huzungusha hewa ya injini yenyewe badala ya kuvuta hewa ya mbele kupitia rejeta.

(d) Themostati. Hapa nataka kugombana kidogo na ndugu zetu makanika. Desturi ya kuitoa themostati na kuitupa ni desturi mbaya. Injini ikikosa themostati hukaa baridi mno njia ya tambarare, hula dizeli zaidi, na huchakaa mapema. Tena katika injini nyingine themostati ikifunguka hufunga njia ya pili ya maji. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi, na maji mengine huzunguka ndani ya injini bila kufika kwenye rejeta. Basi umeondoa dawa ukiita ugonjwa.

(e) Gasketi ya kichwa. Fungua kifuniko injini ikiwa baridi kabisa, jaza maji, washa injini, utazame. Mapovu yakitoka bila kukoma, moshi wa injini unaingia katika maji. Hapo rejeta mpya haitasaidia kitu.

(f) Mipira ya maji na pampu ya maji. Mpira wa chini ukilegea hunyonywa ukalala, maji yasipite. Pampu inayovuja huacha alama ya kulanti iliyokauka chini yake.

Na ndugu yangu, usifungue kifuniko wakati injini ni ya moto. Nimeona uso wa mwenzetu ulioungua kwa ajili ya haraka ya dakika ishirini. Mtu akiungua kazini, hiyo ni ajali ya kazi, na Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazi ya mwaka 2007 inamhusu. Mwambie mwajiri na mjumbe siku hiyo hiyo, usiende nyumbani kimya.

NJIA NNE ZA MTU MWENYE PESA KIDOGO

Ukiisha hakikisha kwamba rejeta ndiyo mgonjwa, ziko njia nne mbali na ile ya kununua kwa wakala mkubwa, ambayo wengi wetu hatuiwezi.

Njia ya kwanza ni kutengeneza ile ya zamani. Hapa lazima ujue una rejeta ya namna gani. Rejeta za zamani ni za shaba tupu, mirija na matangi yote. Hizo fundi anaweza kufungua tangi, akapitisha chuma chembamba katika kila mrija kutoa kutu na chumvi, akalehemu tena kwa risasi. Hata mirija ikioza yote, anaweza kuweka sehemu mpya ya mirija na kurudisha matangi yako. Kama pikapu yako ni ya zamani na ina rejeta ya shaba, usiiuze kwa mnunuzi wa vyuma, maana una mali. Rejeta za siku hizi ni mirija ya alumini na matangi ya plastiki, yamebanwa kwa meno ya alumini na mpira katikati. Hizo hazikubali risasi. Gundi huzuia siku chache, halafu moto na nguvu ya maji huishinda, na mara nyingi huishinda mbali na nyumbani. Tangi la plastiki linaweza kubadilishwa na fundi mwenye mkono mzuri, lakini meno hayo yakikunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hukatika.

Njia ya pili ni rejeta iliyotumika Japani. Pale Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, na katika maduka ya spea kila mji, utaziona zimepangwa. Nyingine ni nzuri kweli, kwa kuwa ni za kiwanda na unene wake ni wa haki. Lakini hujui umri wake. Tazama rangi ya tangi la plastiki: lililokuwa jeusi likigeuka kuwa la udongo-udongo, plastiki imeiva kwa moto na iko karibu kupasuka. Chungulia ndani ya mdomo wake kwa tochi. Ukiona ukoga mweupe au kutu juu ya ncha za mirija, iache. Mwombe mwenye duka aijaze hewa na kuizamisha ndani ya pipa la maji mbele yako. Mapovu hayajui kusema uwongo.

Njia ya tatu ni rejeta mpya ya kiwanda kingine, si kile kilichotengeneza gari. Hapa ndipo pana mema na mabaya mengi. Zipo nzuri sana kwa bei ya kadiri, na zipo zile zilizotengenezwa kwa ajili ya macho tu. Zote zinang'aa. Nitasema chini jinsi ya kuzitenganisha.

Njia ya nne ni kuchukua rejeta mpya yenye unene mkubwa kuliko ya kiwanda, ikiwa nafasi ya feni inaruhusu. Kwa mtu anayebeba mzigo kila siku na kupanda milima, hii pengine ndiyo bora, lakini pima kwanza nafasi kati ya rejeta na feni. Feni ikigusa mirija, hasara ni yako siku hiyo hiyo.

Kuna na njia ya tano ambayo siihesabu, nayo ni ule unga wa kuziba tundu. Unga hauna macho. Unaziba tundu, na unaziba mirija pia. Utumie kufika nyumbani tu, halafu usafishe.

MAMBO YA KUPIMA KABLA YA KULIPA

Usiende dukani na jina la gari tu. Kusema "nataka ya Hilux ya dizeli" hakutoshi. Hilux peke yake imepata kuwa na injini ya 2L, ya 3L, ya 5L, halafu ya 2KD na ya 1KD, na nyingine tangu hapo. Isuzu D-Max nayo ina za lita 2.5 na za lita 3.0. Andika kwenye karatasi namba ya injini, namba ya chasi na mwaka wa gari. Halafu chukua rejeta yako ya zamani begani uende nayo. Kama huwezi, chukua vipimo hivi kwa rula:

1. Urefu na upana wa sehemu ya mirija peke yake, bila matangi.

2. Unene wa sehemu hiyo. Hiki ndicho kipimo wauzaji wengi hawakisemi, na ndicho kilichonipeleka mimi mbele ya tajiri. Ziko za milimita 16, za 26, za 32 na zaidi. Isiwe nyembamba kuliko ile iliyotoka kiwandani.

3. Mdomo wa juu na wa chini: uko upande gani, na upana wake kwa milimita.

4. Kama gari ni la otomatiki, tangi moja lina mabomba mawili madogo ya kupoza mafuta ya giaboksi. Gari la otomatiki lazima lipate rejeta yenye mabomba hayo. Gari la gia za mkono linaweza kutumia rejeta ya otomatiki, ukiziba mabomba hayo yasiingie uchafu, lakini kinyume chake hakifai.

5. Mahali pa bolti na mahali pa kava la feni.

6. Vibati na mirija. Hesabu mistari ya mirija, na uone kama vibati vimekaa karibu karibu au vimetawanyika. Weka rejeta mbili pamoja utaona tofauti kwa macho. Iliyo nyepesi sana mkononi kuliko mwenzake wa kipimo kile kile, uliza kwa nini.

Halafu dai risiti yenye jina la duka, tarehe na aina ya rejeta, na maneno ya dhamana yaandikwe, hata kama ni miezi mitatu tu. Muuzaji anayesema "niamini tu ndugu yangu" na anakataa kuandika, amekwisha kukujibu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata kitu chenye ubora wa kadiri ifaayo. Lakini haki hiyo bila risiti ni kama gari bila usukani.

HESABU YA SHILINGI

Sasa mwanachama mmoja aliniambia mkutanoni, "Wewe unasema maneno ya watu wenye pesa. Mimi mfukoni nina elfu nane. Nitafanyaje?" Neno lake ni la kweli, na silidharau. Lakini tufanye hesabu pamoja. Namba hizi ni za mfano tu, weka zako mahali pake.

Tuseme rejeta nyembamba ni shilingi 8,000 na inakaa mwaka mmoja. Tuseme iliyo nene na nzuri ni shilingi 16,000 na inakaa miaka minne. Kila mara ukibadilisha unalipa fundi na kulanti, tuseme shilingi 3,000. Kwa miaka minne, rejeta nyembamba utainunua mara nne: 11,000 mara nne ni shilingi 44,000. Ile nene utainunua mara moja: shilingi 19,000. Na sijahesabu siku nne ambazo gari halikufanya kazi, wala viazi vilivyooza njiani, wala hatari ya kichwa cha injini.

Ukikopa hizo 8,000 zilizopungua kutoka ushirika kwa riba ya moja kwa mia kila mwezi, hata ukihesabiwa juu ya deni lote mwaka mzima bila kupunguza, riba ni shilingi 960. Basi mtu asiye na pesa ndiye asiyeweza kununua kitu kibaya, kwa maana hana pesa ya kukinunua mara ya pili. Wazee walisema rahisi huvunja upishi, nao hawakuwa na pikapu.

Na kama hata mkopo huna, bora rejeta iliyotumika Japani yenye unene wa haki, iliyopimwa ndani ya pipa mbele ya macho yako, kuliko mpya nyembamba. Hayo ndiyo maoni yangu, na makanika wenye maoni mengine waandike.

MAJI UTAKAYOTIA

Rejeta nzuri huuawa na maji mabaya. Maji ya kisima katika sehemu nyingi za Ukambani na pwani yana chumvi. Moto ukiyapata, chumvi hukaa ndani ya mirija kama ukoko wa sufuria. Kulanti si kwa ajili ya baridi ya Ulaya tu. Ina dawa ya kuzuia kutu, na husaidia maji yasichemke upesi. Changanya nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi, au nunua iliyochanganywa tayari. Usichanganye aina mbili bila kusoma chupa, maana nyingine zikikutana hugeuka uji.

Tena kabla ya kufunga rejeta mpya, safisha injini mpaka maji yatoke meupe. Kutu yote iliyo ndani ya injini inangoja mirija mipya iingie. Nimeona rejeta mpya ikiziba mapema kwa kosa hili, na duka likalaumiwa bure.

NENO KWA CHAMA

Sasa nafika kwenye jambo kubwa. Ndugu zangu, dereva ndiye anayekaa mbele ya mshale wa moto. Yeye ndiye anayejua gari lilivyokuwa jana na lilivyo leo. Lakini siku ya kununua spea haulizwi, na siku ya hasara yeye ndiye wa kwanza kuulizwa. Hii si haki, na tena ni upumbavu wa biashara, kwa kuwa tajiri mwenyewe anapoteza zaidi. Kichwa cha injini kilichopinda kilimla mwajiri wangu pesa nyingi kuliko rejeta tatu nzuri. Sisemi haya kwa kumchukia. Najua dizeli imepanda na wateja wanachelewa kulipa. Lakini taabu ya biashara isigeuzwe kuwa deni la mfanya kazi.

Sheria inasema wazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibiwa kwa makusudi ya mfanya kazi. Kwa makusudi, ndugu zangu. Gari lililochemka kwa sababu ya rejeta nyembamba halikuharibiwa na dereva kwa makusudi. Tena kifungu hicho hicho kinasema makato yote kwa jumla yasipite theluthi mbili za mshahara. Karatasi nyingi zinazoletwa mbele ya madereva saa kumi na mbili jioni, wakiwa wamechoka, zinavunja sheria hiyo. Dawa yake ni kutotia sahihi mpaka mjumbe aione.

Lakini sheria haijui kuhusu mshale wa moto kama hukuandika. Kwa hiyo naomba mambo manne yatiwe katika mapatano yetu yajayo na waajiri:

Moja, kila gari liwe na daftari, na dereva akisema kuna kosa, liandikwe na tarehe, na mtu wa ofisi atie sahihi. Mimi nilisema mara mbili kwa mdomo, na maneno ya mdomo yalipeperuka.

Mbili, spea ya injini, breki na usukani isinunuliwe bila dereva na makanika kuiona na kuipima.

Tatu, spea ya zamani isitupwe mpaka ile mpya imalize miezi mitatu. Taniboi wangu ameonyesha faida yake.

Nne, dereva akisimamisha gari kwa sababu mshale umepanda, asiadhibiwe kwa kuchelewa. Saa moja ya kusimama kando ya barabara ni bei ndogo kuliko injini, na ni bei ndogo kuliko maisha ya watu.

Hakuna hata moja katika hayo inayomgharimu mwajiri pesa nyingi. Daftari ni bei ya chai mbili. Rula ni bei ndogo zaidi.

Mwaka 1949 Fred Kubai, aliyetoka katika chama cha wafanya kazi wa uchukuzi, na Makhan Singh walipoongoza pamoja chama kikuu cha wafanya kazi wa Afrika ya Mashariki, hapakuwa na Sheria ya Ajira kama ya leo ya kushika mkononi. Sisi tunayo, na tunayo Katiba. Ni aibu kama tutaziacha zikae rafuni huku mwenzetu anakatwa mshahara kwa ajili ya milimita kumi.

Kwa hiyo, wewe unayeendesha gari la tajiri, anza kesho: nunua daftari, hata kama kwa pesa yako. Wewe mwenye pikapu yako, pima kabla ya kulipa. Wewe makanika, usifunge kitu ambacho moyo wako unajua ni kibaya bila kusema. Na wewe taniboi, usikimbilie kuuza chuma cha zamani. Mimi nilinusurika kwa sababu mmoja wenu hakukimbia.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi ndugu yenu,
Dereva wa viazi, mwanachama.